Kabla Hujatia Jina Kwenye Drafti, Piga Hodi Ofisi ya Wanafunzi wa Kigeni

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Mwanza, anayecheza kikapu chuo kimoja Marekani, alinitumia ujumbe. "Shikamoo kaka. Nimemaliza mwaka wa pili na wastani wa pointi 14. Kuna wakala anasema nitie jina kwenye drafti mwaka huu huu, nisingoje. Wewe ulipita huko. Unanishaurije?" Nikamjibu marahaba, nipe siku mbili. Siku mbili zikawa wiki na jibu likawa refu kuliko WhatsApp, ndiyo maana naliweka hapa.

Kwa wasiofuatilia: drafti hii siyo ile ya vizibo vya soda pale kijiweni. Ni shughuli ya mwishoni mwa Juni ambapo timu 30 za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi mbili, kwa kawaida majina 60. Vyuo vyote vya Marekani, Ulaya yote, Australia, Afrika, wote wanagombania majina 60. Aliyemaliza miaka yake ya kucheza chuo anaingia mwenyewe bila kuomba. Ambaye hajamaliza ndiye anayeandika kuomba aingizwe mapema, na hapo ndipo tunapoumia.

Mimi niliandika mwaka 2013, nikiwa mwaka wa tatu. Nilikuwa na pointi 11 na ribaundi 8 (mipira inayodakwa ikikosa kikapu) kwa mechi, kwenye kanda ndogo ya vyuo ambayo mechi zake huzioni kwenye televisheni. Wakala akaniambia warefu wanatafutwa. Enzi hizo NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, walitaka anayebadili mawazo ajitoe katikati ya Aprili. Fainali ya vyuo mwaka ule ilichezwa tarehe 8 Aprili na mlango ukafungwa tarehe 16. Siku nane! Hakuna timu iliyokuwa imekugusa. Na ukisaini na wakala, uchezaji wako wa chuo umekwisha siku hiyo hiyo. Nilisaini mezani kwenye mgahawa, kalamu ya kuazima kwa mhudumu.

Timu mbili ziliniita mazoezini. Ya kwanza, kabla ya mpira, wakanisimamisha ukutani bila viatu. Kitabu cha chuo kiliandika futi 6 na inchi 9. Yule jamaa akashusha ubao kichwani mwangu, akasoma, akaandika futi 6 na inchi 7 na nusu, wala hakuniangalia. Inchi moja na nusu zilikuwa kwenye raba. Pale pale nikajua. Kwa inchi 9 mimi ni mtu wa chini ya kikapu. Kwa inchi 7 na nusu natakiwa nirushe kutoka mbali, na kutoka mbali nilikuwa natupa mawe.

Usiku wa drafti tulikaa chumbani kwa mwenzangu, maboksi ya piza sakafuni. Dar es Salaam ilikuwa saa nane na nusu usiku wakati jina la kwanza linasomwa, na mama alikataa kulala. Wakafika jina la 30. La 45. La 60 lilisomwa karibu na saa sita za usiku za New York, kwao Magomeni jua limeshatoka. Mama akapiga. "Wamekusoma?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi kunywa chai, watakusoma kesho." Sikuwa na moyo wa kumwambia hakuna kesho.

Kukosa kuchaguliwa siyo kilichoniumiza zaidi. Kuna walioachwa wakafanikiwa: Fred VanVleet alimaliza miaka minne chuo cha Wichita State, hakusomwa mwaka 2016, na mwaka 2019 alikuwa bingwa wa NBA na Toronto. Lakini VanVleet ni Mmarekani, hana haja ya karatasi za kuishi kwao. Wakala wangu alisema tusubiri ligi ya chini, ambayo siku hizi inaitwa G League. Uchaguzi wao ulikuwa Novemba. Mimi nilikuwa na viza ya mwanafunzi, F-1, na viza hiyo inasimama juu ya masomo. Nafasi yangu ya udhamini ilishapewa kijana mwingine, ada sikuweza, Agosti sikujisajili. Mama wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa pole: ukiaga kwa ruhusa yetu una siku 15 za kufungasha, ukiacha tu kimya kimya, huna hata moja. Novemba ilinikuta kwenye sakafu ya saruji ya Don Bosco Upanga, nafundisha watoto kupiga hatua mbili za leiyapu.

Sasa dogo, wewe una bahati ambayo mimi sikuipata, maana sheria zimelegea. Tangu 2016 unaweza kutia jina, ukaitwa na timu, ukaonekana kwenye kambi ya vipimo ya Chicago kama utaalikwa, kisha ukajitoa ndani ya siku kumi baada ya kambi hiyo na kurudi chuo. Tangu 2018 unaweza hata kuwa na wakala katika kipindi hicho, mradi awe amethibitishwa na NCAA na uvunje naye mkataba ukirudi. Pia NBA wana kamati ya kuwashauri wanafunzi: unaomba, wanakwambia wanakuona raundi gani, au hawakuoni. Kwa hiyo kutia jina si kosa. Kosa ni kuacha tarehe ya kujitoa ipite ukiwa huna jibu la maandishi. Kete ukishaisukuma hairudi, hapo drafti zote mbili zinafanana.

Jibu lenyewe liweje? Kwangu mimi mstari uko kati ya raundi ya kwanza na ya pili. Wa raundi ya kwanza anapata miaka miwili yenye malipo ya uhakika, hata akivunjika mguu siku ya tatu. Wa raundi ya pili hana uhakika huo kisheria, anategemea maelewano. Wengi wanaangukia mkataba wa pande mbili, huku NBA huku G League, kwa nusu ya mshahara wa chini kabisa wa mchezaji mpya. Watu hapa nyumbani wanamcheka Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu aliyefika NBA, kwamba aliwahi mno kutia jina. Mimi simcheki. Alikaa chuo cha Connecticut miaka mitatu, akawa mchezaji bora wa kanda yake pamoja na DeJuan Blair, na mwaka 2009 Memphis wakamchukua namba 2, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mtoto wa Makongo, namba mbili duniani! Uwanjani hakutamba, alipita timu nne, sawa. Lakini angebaki mwaka wa nne angetafuta nini? Namba moja?

Na kubaki nako si dawa. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote mwaka 2022, ribaundi 15 kila mechi. Akarudi chuoni kwake Kentucky mwaka mmoja zaidi, na 2023 hakusomwa kabisa. Indiana wakampa mkataba wa pande mbili. Lakini angalia hesabu yake: tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na kubaki kunaweza kulipa kuliko G League. Ndiyo maana walioomba kuingia mapema walikuwa 353 mwaka 2021, na mwaka 2025 wakabaki 106.

Ila hizo fedha usizipigie hesabu kabla hujauliza, maana mwenye F-1 hana ruhusa ya kufanya kazi hovyo ndani ya Marekani. Tshiebwe mwenyewe, timu ilipokwenda Bahamas, nje ya Marekani, Agosti 2022, ndiko alikofanyia matangazo yake. Mwenzako Mmarekani anasaini akiwa kitandani, wewe unavuka bahari.

Juzi nilimpigia dogo kabla sijaandika haya. Nikamwambia mambo mawili. Jumatatu aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni, aulize: nikitia jina nisichaguliwe, Septemba nitakuwa nani? Halafu amuulize wakala swali moja: ni timu gani imekwambia itanichukua, na kwa namba ngapi?

Ofisini amekwenda, amepewa karatasi mbili, anazisoma. Wakala naye amejibu. Ametuma emoji ya moto.