Barafu ya Feri haitaleta maua ya epo

Swali: Kijana wangu bwana shamba, habari za kazi. Mimi ni mstaafu, naishi Goba, Dar es Salaam. Miaka mitatu iliyopita nilinunua miche minne ya epo kwa muuzaji wa kando ya barabara. Imekua, ina majani mazuri, lakini sijaona hata ua moja. Muuzaji anasema miti hiyo inasubiri baridi, kwa hiyo kuanzia Juni hadi Agosti niwe naizungushia barafu shinani kila jioni. Nilimwamini, maana miaka ya themanini nilisoma Leipzig, Ujerumani, na nilijionea mwenyewe: miti ya epo inakaa mikavu kwenye theluji miezi na miezi, halafu Aprili ikiishia inajaa maua. Kipupwe kilichopita nimenunua mabonge ya barafu soko la samaki la Feri mpaka wanangu wakanicheka, na hakuna kitu. Je, niongeze kiasi gani, na niweke usiku au mchana?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Usiongeze hata kipande. Ukiihamishia Goba barafu yote ya Feri, bado miti hiyo haitachanua kwa sababu yake.

Kila kipupwe kikianza naletewa habari hii ya barafu, na kila mwaka inakuwa na mapambo mapya: mmoja kaambiwa aichanganye na chumvi, mwingine aifunge na magunia. Kinachonikera ni kwamba inajengwa juu ya jambo la kweli, ndiyo maana mtu msomi kama wewe anaingia mtegoni. Ulichokiona Leipzig ni sahihi. Kilichopinda ni maelezo uliyopewa baadaye.

Watu wanaona theluji, kisha wanaona maua, wanahitimisha kwamba theluji ndiyo imeyazaa. Sivyo. Maua uliyoyaona Aprili yalianza kuumbwa kiangazi cha mwaka uliotangulia, mti ukiwa na majani tele, jua la kutosha na matunda ya msimu ule bado yananing'inia matawini. Ukilipasua jicho nene la mti wa epo, yaani chipukizi ambalo bado limefumba, katikati ya Desemba na kulitazama kwa hadubini, utakuta vijiua vidogo vimeshajipanga humo ndani. Vimetengenezwa na joto. Baridi inakuja kufungua kufuli tu.

Na kufuli hilo lipo kwa sababu nzuri. Kule inaweza kutokea wiki moja ya jua katikati ya Januari. Mti ungechanua kwa pupa, baridi ingerudi na kuua kila kitu. Jicho lililolala linavumilia baridi kali kweli kweli, lakini ua likishafunguka, nyuzi joto 2 tu chini ya sifuri zinaanza kuliua, na zikifika 4 chini ya sifuri karibu yote yamekwenda. Mwaka 2012, jimbo la Michigan, Marekani, lilipata Machi yenye joto lisilo la kawaida. Miti ilikuwa imeshamaliza kulala, ikaamka mapema, Aprili ikapigwa na jalidi, yaani umande ulioganda, na takribani asilimia 90 ya mavuno ya epo yakapotea. Kwa hiyo mkulima wa kule hayasubiri majira ya machipuko kwa hamu peke yake kama sisi tunavyodhani. Anayaogopa pia, hasa yakija mapema.

Sasa mti unajuaje kwamba baridi imetosha? Unahesabu saa. Kipimo cha zamani kinahesabu saa zilizo kati ya sifuri na nyuzi joto 7 hivi. Aina nyingi za epo za nchi za baridi zinataka saa 800 hadi 1,000 au zaidi. Zipo zinazotaka kidogo, kama Anna iliyozalishwa Israeli, au Dorsett Golden iliyotoka Bahamas. Anna inaridhika na saa 200 hadi 300. Huku Dar es Salaam usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 18 au 19. Hesabu yetu ni sifuri, mzee wangu. Tena kuna kipimo kilichotengenezwa Utah mwaka 1974 kwa ajili ya mipichi ambacho saa za joto la kuzidi nyuzi 16 zinapunguza kile kilichokwisha kukusanywa. Kwa kipimo hicho Goba ina deni.

Hapa ndipo barafu yako inapokwama. Anayehesabu ni jicho lenyewe kule juu tawini, kila moja kivyake. Mizizi haihesabu kwa niaba ya macho, wala shina. Frederick Coville wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alilionyesha hili mwaka 1920 kwa mibuluberi, vichaka vya matunda madogo ya buluu: aliuweka mmea kwenye banda la joto, akatoa tawi moja nje likapigwa na baridi. Majira yalipogeuka, tawi la nje ndilo lililochipua, na yaliyobaki ndani ya banda yakaendelea kulala. Mmea ni mmoja, mizizi ni ileile. Sasa wewe umekuwa ukipoza udongo na kuacha matawi yanakula joto la Goba. Ili ufanikiwe ungelazimika kuuingiza mti mzima, na majani yake, kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, wiki mbili mfululizo usiku na mchana kwa Anna, na zaidi ya mwezi kwa aina nyingine. Unachopata kwa barafu ya shinani ni maji yaliyotuama, na maji yaliyotuama shinani ni mwaliko wa kuvu wa kuoza gamba. Kagua gamba karibu na udongo. Likiwa na rangi ya kahawia na linabonyea kwa kidole, ugonjwa umeshaingia.

Najua uganga huu ulikotoka. Vitunguu vya tulipu, ua la nchi za baridi, huwekwa kwenye friji wiki 12 hadi 16 kabla ya kupandwa, na vinachanua. Mbegu ya epo nayo inahitaji wiki kadhaa za ubaridi wenye unyevu ndipo iote vizuri, na huenda ndivyo muuzaji wako alivyopata miche yake. Akaona friji imeotesha mbegu, akaamini barafu itachanulisha mti. Au hakuamini, ila anajua wewe utaamini.

Na usijilaumu kwa kuamini. Serikali nzima iliwahi kudanganywa kwa jambo linalofanana na hili. Ngano ya majira ya baridi kweli huhitaji kupita kwenye baridi ikiwa changa ndipo itoe masuke. Kuanzia mwaka 1929 Trofim Lysenko alilichukua jambo hilo, ambalo wataalamu walikwisha kulijua, akawatangazia wakulima wa Muungano wa Kisovieti kwamba wakilowesha mbegu na kuzipoza watapandisha mavuno. Likasambazwa kwenye mashamba bila majaribio ya maana, na waliouliza maswali wakakiona cha moto. Nikolai Vavilov, mtaalamu mkubwa wa mimea, alifia gerezani mwaka 1943.

Matapeli wetu hawana magereza, wana simu na picha. Mtu anakurushia bustani ya milimani iliyojaa epo nyekundu, anaandika chini yake "miche inayozaa Dar ndani ya miezi 18", na watu wanatuma pesa. Ukilalamika anakuuzia hadithi ya barafu, kisha busta ya kukuza mimea, kisha chupa isiyo na lebo ya "dawa ya kuamsha mti". Hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia hofu. Kemikali za kuamsha miti iliyolala zipo kweli. Inayotumika sana ni sianamidi ya hidrojeni, sumu ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye orodha ya viuatilifu vyake mwaka 2008. Inaunguza ngozi, na anayekunywa pombe karibu na siku ya kuipulizia anaweza kuugua vibaya. Tena hupunguza tu pengo la baridi pale ambapo baridi kiasi ipo. Kiuatilifu chochote kisicho na lebo wala usajili wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, usikifungue, sembuse kukipulizia nyumbani penye wajukuu.

Epo za Tanzania zipo, ila ziko Njombe na Lushoto, kwenye mwinuko na usiku wa baridi ya kweli. Ipo pia njia moja ya kuukwepa usingizi wa mti bila baridi: kwenye nyanda za juu za Batu, kisiwani Java, Indonesia, wakulima wanayapukutisha majani kwa mkono kama mwezi mmoja baada ya kuvuna, macho yanafunguka kabla hayajazama usingizini. Lakini Batu ni mlimani. Kwa Anna ya Goba ukipukutisha unaweza kupata maua machache, na pengine matunda madogo yasiyo na rangi, kwa sababu wekundu wa epo nao unataka usiku wa ubaridi. Na Anna inazaa vizuri ikiwa jirani na aina nyingine ya kuichavusha.

Angalia kwanza shina la miche yako sentimita 10 hadi 20 juu ya udongo. Kama hakuna kovu la kubebeshwa, yaani pale kikonyo cha aina bora kilipounganishwa na shina la mche mwingine, hiyo si Anna wala Dorsett, ni mbegu za epo za dukani, na hakuna anayejua zingetoa tunda gani hata zingepelekwa Njombe. Mmoja uache kwa kivuli ukipenda. Mitatu ing'oe kabla ya masika, mashimo yaache wazi yapigwe jua wiki mbili, changanya samadi iliyooza, weka mstafeli, mtopetope na mwembe wa kubebeshwa.