Sifa wodini: ni huduma, au ni nyongeza tu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwanakwaya na pia mjumbe wa kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, katika usharika wetu. Mara moja kila mwezi tunakwenda hospitalini kuwaona wagonjwa, tukiwa tumebeba sabuni, sukari na unga wa uji, na kabla ya kuondoka huimba pambio moja au mbili na kumshukuru Mungu pamoja nao. Safari iliyopita mzee mmoja wa kanisa alituambia kwamba huduma ni vile vilivyomo kikapuni, na kwamba sifa zina siku yake, yaani Jumapili. Baadhi ya wenzangu wamekubaliana naye. Je, kumsifu Mungu ni sehemu ya huduma? – Mwanakwaya, Njombe

JIBU: Amina, dada yangu, asifiwe milele. Mzee wenu anayo hoja ambayo nitaigusa hapo chini, lakini mpaka aliouweka kati ya kikapu na wimbo haumo katika Maandiko. Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, mstari wa 15, unatuita tumpe Mungu “dhabihu ya sifa daima, yaani, tunda la midomo iliungamayo jina lake”, na mstari unaofuata unasema papo hapo: “Lakini msisahau kutenda mema na kushirikiana, maana sadaka kama hizi ndizo zimpendezazo Mungu.” Mwandishi ameyaweka yote mawili juu ya madhabahu moja, na neno lake “daima” haliachi nafasi ya kuifanya sifa kuwa kazi ya Jumapili peke yake.

Wasomaji wa kwanza wa waraka huo, waliolelewa katika Torati, waliijua vyema sadaka ya shukrani inayoelezwa katika Mambo ya Walawi, sura ya 7. Mtu aliyetendewa wema na Mungu alileta mnyama pamoja na mikate, naye aliamriwa kwamba nyama yote iliwe siku ileile, pasibaki kitu hadi asubuhi. Hebu fikiri: ni nyumba gani inayoweza kummaliza ng’ombe kwa siku moja? Mwenye kushukuru hakuwa na budi kuwaita jirani na maskini waje kula, na kwa njia hiyo sifa yake kwa Mungu ikageuka kuwa chakula cha watu wengine. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho barua ya pili kuhusu mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, aliuita mchango huo kwa neno la Kigiriki ambalo ndilo asili ya neno letu “liturujia”, yaani utaratibu wa ibada, akasema kwamba unawapa watu riziki walizopungukiwa na pia unazaa shukrani nyingi kwa Mungu (9:12). Kwake yeye, kikapu chenyewe kilikuwa ibada.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Mama yangu mzazi alipopatwa na kiharusi, hakuweza kutamka hata neno “maji”. Alikuwa akinyoosha kidole kwenye kikombe huku machozi yakimtoka. Alasiri moja walifika akina mama watatu wa jumuiya, wakaweka vitu vyao kando ya kitanda, kisha mmoja akaanzisha kwa sauti ya chini wimbo ambao mama alikuwa akiuimba akipepeta mchele. Mama akauimba ubeti mzima, na maneno yalitoka kamili. Kwa wiki tatu alikuwa mtu wa kupokea tu, kulishwa, kuoshwa na kugeuzwa, lakini dakika zile chache naye alikuwa na kitu cha kumtolea Mungu. Petro anasema kwamba sisi sote ni “ukuhani wa kifalme”, tulioitwa kuzitangaza fadhili zake Mungu (1 Petro 2:9), na sioni mahali popote aliposema kwamba ukuhani huo unakoma mtu akilazwa. Mkiacha sabuni na kuondoka, mmemhudumia mgonjwa, na hilo ni jema. Mkimsifu Mungu pamoja naye, mmempa nafasi ya kuhudumu.

Sasa hoja ya mzee. Nabii Amosi aliwaambia Israeli kwamba Mungu hataki kelele za nyimbo zao wakati haki haitendeki (5:23–24), na kwaya inayofika wodini mikono mitupu, ikaimba nusu saa na kupiga picha, inastahili kuambiwa maneno hayo. Wodi ina wagonjwa waliochoka na watu wa dini nyingine, kwa hiyo mwombeni ruhusa muuguzi wa zamu, imbeni kwa sauti ya kitandani wala si ya jukwaani, na msimlazimishe mtu mwenye maumivu kushukuru kwa ajili ya maumivu yake.

Safari ijayo, mkisha kutoa vilivyomo kikapuni, msianzishe pambio lenu. Mwulizeni mgonjwa kama angependa wimbo, na ni upi. Akitaja ambao kwaya yenu haiujui, mwacheni aanze yeye, nanyi mfuate.