Kisumu–London: hizo dakika 50 zitakuponza

Usilipe. Kama PIN ya M-Pesa bado hujaibonyeza, ngoja kwanza.

Umeuliza Kisumu hadi London ni kilomita ngapi, saa ngapi, na kama kukata tiketi mbili mbalimbali ni nafuu. Umbali ni kama 6,600 ukinyoosha mstari, lakini hizo ni za ndege mwenye manyoya. Wewe utapelekwa Nairobi kwanza, karibu kilomita 280 kusini-mashariki, London ukiipa kisogo, ndipo uanze nyingine 6,800 hivi. Dakika 50, kisha kama saa tisa hewani. Usihesabu muda wa safari kwa kutoa saa zilizoandikwa kwenye tiketi: London iko nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi, mbili wakati wa joto.

Sasa hiyo nafuu. Binamu yangu mmoja, mjuaji wa safari ambaye mwisho wake ni Busia, aliniambia, "Dakika 50 tu, utafika Nairobi ukae bure saa tatu." Nikakata tiketi mbili, nikaokoa shilingi 5,000, nikajiona mjanja.

Jioni hiyo mvua ya ziwa ikashuka na radi zake, mnaijua. Ndege ya saa moja na nusu ikaruka saa nne kasorobo. Nilipotua nikasubiri sanduku, maana tiketi zikiwa mbili mzigo hauunganishwi: unauchukua mwenyewe, unaukokota hadi upande wa ndege za nje, unaanza upya. Ndege ya London ilikuwa ya saa sita kasoro dakika kumi usiku, na kaunta hufungwa saa nzima kabla. Nilifika saa tano kamili. Yule dada akanitazama, akatazama kilo zangu nne za omena, akasema pole.

Pole! Kwao mimi nilikuwa abiria ambaye hakutokea, basi. Mvua ya Kisumu haiwahusu. Na usipotokea safari ya kwenda, ya kurudi nayo hufutwa. Hapo ndipo nilipokaa sakafuni. Nikanunua upya kwenda na kurudi, 118,000. Ile 5,000 niliyookoa iliishia kwenye chai na mandazi ya uwanjani. Nilipompigia binamu akasema, "Lakini dakika 50 si zilikuwa kweli?"

Wewe umejiachia saa mbili na nusu kati ya ndege hizo mbili. Mbili na nusu! Kata tiketi moja, nambari moja, Kisumu hadi London, na sanduku livishwe lebo ya London ukiwa bado Kisumu. Ndege ikichelewa hapo ni mzigo wao, watakutafutia inayofuata. Ikishindikana kabisa, panda basi la mchana siku moja kabla, ulale kwa shangazi Nairobi, hata kama ana maneno.

Hiyo ya Kisumu umeshailipia au bado? Nijibu kabla hujalala.