Re: Gauni la Instagram limenibana kifuani, nifanyeje?

Habari dada. Umesema gauni uliloagiza Kariakoo kwa saizi yako ya kawaida limefika Dodoma likakubana kifuani. Ligeuze kwanza uangalie akiba ya mshono pembeni, yaani kitambaa cha ziada kilichoachwa ndani ya mshono. Ikiwepo, fundi wa hapo Majengo atakufungulia.

Siku nyingine usiagize kwa herufi, maana M ya duka hili ni S ya lile. Laza kitandani gauni linalokukaa vizuri, pima kwapa hadi kwapa (langu inchi 19), halafu muuzaji apime lake hivyohivyo, akutumie video WhatsApp futi ikionekana. Mimi video iliniokoa: kitambaa kilichoonekana kizito pichani, muuzaji alipokivuta nikaona vidole vyake kwa nyuma, kumbe ni chepesi. Akikataa kupima, usilipe.