Kabati la babu: tulipige randa au tuliache?

SWALI: Nimerithi kabati la mninga lililokaa Tukuyu tangu enzi za babu. Mwenyewe alisema ni kazi ya mafundi wa misheni ya Rungwe. Tumelihamishia Iringa mjini, na sasa mlango mmoja umepasuka katikati na droo zina vitundu vinavyotoa unga. Fundi anataka kulipiga randa lote na kupaka vanishi mpya. Nimruhusu?
Msomaji, Iringa

JIBU: Usimruhusu. Randa itafuta alama ambazo ndizo ushahidi wa maneno ya babu.

Tuanze na mlango. Tukuyu hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Iringa ni pakavu, na mbao ikikauka hupungua upana. Ubao wa katikati ulitakiwa kucheza kwenye mfereji wa fremu bila gundi. Kagua kingo: mara nyingi utakuta mtu aliupigilia misumari, basi ukasinyaa huku umebanwa, ukapasuka. Chomoa misumari, unganisha ufa kwa gundi nyeupe, ubane kwa saa 24, kisha acha nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande. Kuziba ufa kwa unga wa mbao na gundi, mtindo wanaoupenda mafundi wengi, ni kuahirisha tatizo: mvua zikirudi ubao unavimba na kupasuka kando ya kiraka.

Vitundu vitakuwa kwenye sehemu nyeupe ya mbao; kiini chekundu cha mninga wadudu hawakiwezi. Safisha, tandika karatasi nyeusi chini ya droo wiki mbili. Unga ukidondoka tena, piga dawa ya mbao kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, nje ya nyumba na ukiwa na glovu.

Kuhusu umri, papasa upande wa chini wa droo. Mawimbi mapana ni randa ya mkono. Mistari ya nusu duara ni msumeno wa mashine. Skrubu za kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, ila zikiwa kwenye bawaba tu, huenda bawaba zilibadilishwa. Wamoraviani, wamisionari wa Kikristo walioanzisha misheni hiyo, walifika Rungwe 1891, kwa hiyo kama babu alisema kweli, kabati haliwezi kutangulia mwaka huo. Tafuta pia maandishi ya penseli nyuma ya droo, ingawa namba utakazokuta huenda ni za kupanga droo tu.

Uso ufute kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, uache ukauke, kisha upake nta: gramu 100 za nta ya nyuki kwa mililita 300 za tapentaini. Yeyusha nta kwenye bakuli ndani ya maji moto, epua, peleka mbali na jiko ndipo umimine tapentaini. Inashika moto upesi.