Muulize Fundi: Upinde wa Mbao na Hewa ya Bahari

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Ami yangu aliporudi kutoka Marekani aliniletea upinde wa mti wa hikori, wa kipande kimoja, ambao haukuwa umepakwa kitu. Kwa kuwa nilitaka ung'ae, niliusugua kwa mafuta ya nazi muda wa wiki nzima, kisha nikaupaka vanishi ileile niliyoitumia kwenye mlango wetu wa mbele, mikono mitatu iliyoshiba. Ulipendeza sana hadi masika yalipoingia. Sasa unanata mkononi, una mabaka meupe, na karibu na kishikio zimetokea nyufa nyembamba zinazokatiza upana wake. Je, niupige msasa wote nianze upya, au niongeze vanishi juu yake?
Msomaji wa Mkomani, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usiongeze vanishi, na wala usiuvute upinde huo tena mpaka tujue kama nyufa unazoziona ni za vanishi au ni za mti wenyewe. Ondoa vanishi mahali hapo tu kwa kitambaa kilicholoweshwa thina, kisha utazame mti ukiwa mtupu kwenye mwanga wa jua na upitishe pamba kavu juu yake. Pamba ikinasa mgongoni, yaani upande unaoelekea shabaha, nyuzi za mti zimeanza kukatika. Na ukiona mistari iliyokunjamana upande wa tumbo, unaokuelekea wewe, nyuzi hizo zimepondeka kwa kubanwa. Upinde wa namna hiyo hautibiki kwa kupakwa kitu, na ukivunjika ukiwa umevutwa unaweza kumjeruhi aliyeushika. Utundike ukutani. Ikiwa mti ni mzima na nyufa zimetoka pamoja na vanishi, kazi yako ni kubwa lakini haina hatari.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi, na hilo ndilo lililoupata upinde wako, kwa sababu mbili. Kwanza, mafuta ya nazi hayakauki. Mafuta ya kitani hukutana na hewa yakageuka utando mgumu, lakini ya nazi hubaki majimaji ndani ya mti, nayo vanishi inayopakwa juu yake haishiki wala haikauki vizuri. Pili, vanishi ya mlango imetengenezwa kwa mbao isiyokunjwa, ilhali kila unapovuta upinde mgongo wake huvutika na tumbo lake hujikusanya. Tabaka gumu na nene haliwezi kufuata mwendo huo, hivyo hupasuka, na unyevu ukipenya kwenye nyufa hukwama chini ya vanishi na kuacha mabaka meupe.

Upinde unahitaji vanishi inayokunjika pamoja nao. Tafuta vanishi ya vyombo vya baharini, ile iliyobuniwa kwa ajili ya milingoti na foromali, yaani miti inayobeba tanga, ambazo nazo hupinda kwa upepo. Ulaini wake unatokana na mafuta mengi yaliyochanganywa na utomvu. Pwani yetu ina sehemu katika historia hiyo, kwani sandarusi, utomvu mgumu wa miti uliochimbwa ardhini Afrika Mashariki, ilisafirishwa katika karne ya 19 kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, ili itengenezwe vanishi, na mafundi wa huko walijua kwamba sandarusi tupu ni kavu kama kioo, hivyo waliipika pamoja na mafuta ya kitani.

Sasa uanze. Lainisha vanishi ya zamani kwa dawa ya kuondolea rangi na uifute kwa vitambaa, wala usiikwangue kwa kisu. Mafuta ya nazi yaliyoingia ndani uyafute kwa thina mara nne au tano, ukibadilisha kitambaa kila mara, kisha uuache upinde siku kadhaa chumbani penye upepo. Msasa uwe namba 320, na upite kwa urefu wa mti peke yake. Hapa nakusihi uwe mwangalifu kuliko popote pengine: mgongo wa upinde wa kipande kimoja hubebwa na nyuzi zinazokwenda bila kukatika kutoka ncha hadi ncha, na ukizikata kwa kusugua sana mahali pamoja utakuwa umeandaa mahali pa kuvunjikia. Nimewaona vijana wakiharibu pinde nzuri kwa kutafuta mgongo laini kama kioo. Mgongo ukiwa na vijibonde vyake vya asili, uache hivyo.

Msimu nao una neno. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80 mbao hujaa maji hadi karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu, ilhali mafundi wa pinde hupendelea asilimia 8 hadi 10, na mti uliojaa maji huwa mzito, hurusha mshale kwa unyonge, na hubaki umepinda hata upote, yaani kamba yake, ukivuliwa. Vanishi huchelewesha unyevu kuingia na kutoka, haiuzuii kabisa, kwa hiyo ukiupaka mti uliolowa utakuwa umeufungia maji ndani. Ngoja kaskazi, hasa Januari na Februari, nawe upake baada ya umande kukauka na kabla ya jua la alasiri kushuka.

Mkono wa kwanza uchanganye vanishi na tapentaini nusu kwa nusu ili inywewe na mti. Kisha paka mikono mitatu au minne myembamba kwa kitambaa cha pamba, ukingoja angalau saa 24 kati ya mmoja na mwingine na kupitisha msasa namba 400 kwa wepesi. Wengi hutumia sufi ya chuma badala ya msasa, lakini huku kwetu chembe zake hubaki kwenye vanishi na kushika kutu. Ncha, mikato inayoshika upote, na mti ulio chini ya ngozi ya kishikio vipate mkono mmoja zaidi. Baada ya wiki mbili sugua nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, kisha ing'arishe kwa kipande cha kanga kuukuu. Nta hiyo uirudie kila unapoona maji hayatiririki tena juu ya upinde.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani, au vanishi iliyotengenezwa kwa mafuta hayo, usivikunje wala kuvirundika, kwa maana hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke, au uviloweshe ndani ya ndoo ya maji, hasa katika mitaa kama yetu ambayo nyumba zimebanana.

Ukitoka kulenga shabaha ufukweni, ufute upinde kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha ukaushe, kwa kuwa chumvi inayobaki huvuta unyevu wa hewa usiku kucha. Uvue upote, na uulaze juu ya vigingi viwili badala ya kuuegemeza pembeni.

SWALI: Upinde wangu ni wa mbao zilizogandishwa kwa gundi, na una kioo-nyuzi (faibaglasi) mbele na nyuma. Umechubuka. Je, maelekezo ya msasa na vanishi yananifaa nami?
Msomaji wa Malindi

JIBU: Hayakufai, ndugu yangu. Kioo-nyuzi ndicho kinachobeba nguvu ya upinde wako, na msasa ukikifikia utakidhoofisha, tena vumbi lake hudhuru mapafu. Ufute kwa maji na sabuni laini, uukaushe, kisha uupake nta ngumu ya kung'arishia magari, isiyo na chembe za kukwangua. Mchubuko uliofika kwenye mbao uguse kwa tone la vanishi hapo tu. Asetoni usiikaribishe. Na usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu joto la humo hulainisha gundi, na mbao zikianza kuachana hakuna vanishi itakayozirudisha.