Nilicheza kamari na kodi ya nyumba, je Mungu amenikataa?

SWALI: Assalaam alaykum ustadh, mimi ni dereva wa tuktuk hapa Majengo, kodi ya miezi miwili niliicheza kamari kwa simu ikaisha yote, sasa mwenye nyumba yuanidai na mke hasemi nami. Nimetubu lakini mambo yazidi kuwa magumu. Mungu amenikataa?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Wallahi hajakukataa. Mwangalie Kaab bin Malik, sahaba aliyebaki Madina bila udhuru Mtume (s.a.w.) alipotoka kwenda vita vya Tabuk mwaka wa 9 Hijria. Alisema ukweli, hakudanganya, na bado watu wakaamrishwa wasiseme naye, siku 50 ndugu yangu, mwishoni hata akaambiwa ajitenge na mkewe. Lakini msikitini aenda vile vile, amtolea Mtume salamu kisha aangalia kama midomo imesogea kumjibu. Mimi hapo huwa nalia. Asubuhi ya siku ya 50, keshaswali alfajiri juu ya paa la nyumba yake, ndio akasikia ukelele kutoka mlimani, ewe Kaab pata bishara, akaanguka sijda, ajua toba yake imekubaliwa. Iko Surat Tawba, aya ya 118.

Kwa hivyo shida kuendelea si kwamba toba imerudishwa. Ila deni ni haki ya mtu, halifutwi kwa istighfari peke yake, hiyo programu ya kamari itoe kwenye simu leo, umuendee mwenye nyumba kabla hajakujia, mwambie ukweli umpe hata shilingi 200 kila jioni ukishatoa ya mafuta. Na mkeo pia, anza wewe kusema.